Seti Moja ya Gia, Baiskeli Mbili

Wanangu, kila Jumapili misa ikiisha mnanisimamisha kando ya ukuta wa kanisa, simu mkononi, mnanionyesha picha za gia. "Katekista, hii ni poa? Na hii je, ya bei ya chini?" Macho yangu hayasomi tena vioo vidogo kama hivyo, na jua la Lodwar halinisaidii. Nikijibu harakaharaka nitawapotosha. Nimeona heri niandike, mkasome mkiwa mmekaa.

Nilikuwa fundi wa baiskeli hapa Lodwar na kule Kakuma tangu nikiwa sina ndevu hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Kazi hiyo ilinilisha, ikanisomeshea watoto, nami namshukuru Mungu kwa kila spoku niliyonyoosha. Lakini msitegemee maneno ya kuchangamsha. Yale ya ufundi hayana huzuni, kwa hiyo nitayatanguliza. Mengine yatafuata.

Mnapotaka kufanya baiskeli ya mbio ya mitumba iwe na gia nzuri kwa pesa kidogo, msianze na mikono ya gia, ile ya kubonyeza kwenye usukani. Najua ndiyo inayong'aa kwenye picha. Anzeni na gurudumu la nyuma. Litoe, uliangalie kwenye habu, pale inapokaa kaseti, yaani lile fungu la sahani zenye meno, ujue linapokea kaseti ya sahani ngapi na ya upana gani. Habu ndiyo inayoamua. Nimeona vijana wameagiza kaseti nzuri kutoka Nairobi, ikaja na basi, ikafika, ikakataa kuingia. Imegeuka kitu cha kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Ukishaijua habu, angalia kile kipande cha fremu kinachobeba kihamisha cheni cha nyuma. Kikiwa kimepinda, hata gia za mfalme hazitakaa. Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, utazame kama kihamisha kinaning'inia sawa na gurudumu. Baiskeli nyingi nilizoletewa kwa "gia mbovu" zilikuwa zimeangushwa tu kutoka juu ya lori.

Halafu, kabla ya kununua kitu chochote kikubwa, badilisha waya na maganda yake. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo vinavyodharauliwa. Vumbi letu huingia ndani ya ganda na waya ukawa unavutwa kama ng'ombe asiyetaka josho. Ukiweka waya mpya, mara nyingi gia ulizotaka kuzitupa zinafufuka. Na mkono wa gia wa zamani ukiubonyeza ukaanguka bila kushika, usiuzike bado. Ni grisi iliyokauka ndani. Uoshe kwa mafuta ya taa, uubonyezebonyeze, usubiri, uoshe tena. Subira ni spana pia.

Krenki, ile inayobeba pedali, iwe ya mwisho. Krenki nzito haijawahi kumzuia mtu kufika, ila tu kama meno yake yamechongoka kama ya mamba wa ziwani kule Eliye. Cheni na kaseti zinunuliwe pamoja, maana cheni mpya juu ya kaseti iliyolika itaruka. Wala msikimbilie kaseti zenye sahani nyingi. Zile za familia ya zamani, za sahani nane au tisa, cheni yake ni nene, inavumilia mchanga, na ikikatika katikati ya safari utapata nyingine hata kwa muuza duka wa Kisomali anayeuza pia mchele na kandambili. Barabara yetu haina milima ya kujisifu. Ina upepo.

Na sasa lile kubwa, ambalo ningependa mlishike hata mkisahau mengine yote. Mkono wa gia na kihamisha cha nyuma ni mume na mke. Ni lazima wawe wa familia moja. Kila ukibonyeza, mkono huvuta waya kipimo fulani, na kihamisha kimetengenezwa kusogea kwa kipimo hicho hicho. Ukichanganya wa kampuni hii na wa kampuni ile, mmoja anavuta hatua ndefu, mwingine anatarajia hatua fupi, na cheni haijui ilale wapi. Breki unaweza kuchanganya. Krenki unaweza kuchanganya. Hawa wawili usiwatenganishe.

Hilo nilifundishwa na padri wa misheni, mzee aliyezunguka vituo vyote kwa baiskeli wakati kulikuwa hakuna lami. Hakuwa mpole. Nilipokimbilia spana alinipiga kofi mkononi. "Sikiliza kwanza," alisema. "Baiskeli itakuungamia yenyewe." Ndiye aliyenionyesha kwamba mafuta huku ni adui, kwa sababu yanakusanya mchanga ukawa msasa. Tulikuwa tunaosha cheni, tunaikausha, halafu tunaichovya katika nta iliyoyeyushwa, vile vipande vya mishumaa vilivyobaki altareni. Mzee aliyetunza sakristia alilalamika mpaka akachoka. "Hawa wanataka kuendesha baiskeli mpaka mbinguni," alisema, lakini kila Jumatatu alituwekea vipande kwenye kopo. Cheni ya nta haishiki vumbi. Jaribuni, mtanikumbuka.

Basi. Nimemaliza yale mepesi.

Lami ilipofika, vijana wa Lodwar na wa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, walianza kupanda baiskeli za mbio. Walikuja wenyeji na wakimbizi, wakaunda kikundi kimoja, na mimi nikawa fundi wao. Mwenyekiti alikuwa Mama Epua, mwanamke wa Kiturkana anayeuza samaki wakavu, mtu wa haki ambaye hata sasa nikimwona namwamkia kwa heshima. Katika kikundi hicho kulikuwa na wawili walioendesha vizuri kuliko wote. Mmoja ni Akai, binti wa hapa Lodwar, mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Wa pili ni Byamungu, Mkongo wa kambini, aliyezaliwa njiani mama yake akikimbia vita.

Walifanya mazoezi pamoja na kutukanana njia nzima.

"Wewe unapanda kama mtu anayekimbiza ngamia wa wenyewe," Akai alimwambia.

"Na wewe unajificha nyuma yangu kama bibi arusi," Byamungu alijibu. "Toka mbele na wewe, upepo ukupige kidogo."

Ikaja habari kwamba kocha mmoja kutoka nyanda za juu atashuka Kakuma kutazama waendeshaji wetu. Alikuwa na nafasi moja tu: kitanda, chakula, mafunzo, na mtu wa kushughulikia makaratasi ya kwenda mashindanoni, hata kama ni mkimbizi. Byamungu alikuja kwenye banda langu siku hiyo akakaa juu ya debe, hakutania.

"Papa Katekista," alisema, maana Wakongo humwita mzee papa, "mimi maisha yangu yote napewa vitu kwa foleni. Unga kwa foleni, sabuni kwa foleni, hata shule kwa foleni. Sijawahi kuchaguliwa. Mara moja tu, nataka mtu aseme, huyu."

Nilishika gurudumu lake la nyuma nikalizungusha. Fremu ilikuwa nzuri. Gia zilikuwa zimekufa, mikono na kihamisha, vyote viwili.

Watu wema walichanga: parokia, wafanyabiashara wa msikitini, madereva wa malori, na mahoteli mawili. Michango ilitosha kununua seti moja ya gia za bei nafuu lakini za kweli, na nilipewa mimi kazi ya kuchagua. Niliifanya kazi hiyo kama sala. Nilichagua familia ya sahani tisa. Mikono nilinunua iliyotumika, baada ya kubonyeza kila kituo na kusikiliza. Kihamisha nilichukua kipya, kwa sababu springi iliyochoka haitibiki. Muuzaji mmoja alinitolea kingine chenye sanduku zuri kwa bei ya nusu. Nilikishika, nikakisukuma kando, kikatikisika kama jino la mtoto. Nikamrudishia. Breki, kaseti na cheni mpya. Krenki tungebaki na ile ya zamani. Nilipomaliza nilipanga vile vitu juu ya kitambaa nikavitazama, nikafurahi, nasema kweli. Vilikuwa vya bei ndogo, na hakuna kilichokuwa kibaya. Seti kamili kwa baiskeli moja.

Mkutano ukaitishwa Kakuma, darasani. Nilidhani ni wa kutoa shukrani.

Mama Epua alisimama. "Tumepata baraka," alisema. "Sasa tuigawe."

Nyinyi mliozaliwa hapa mnajua. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe: wazee wana chao, kina mama wana chao, mgeni ana chake. Hakuna anayekula peke yake huku wenzake wanatazama. Desturi hiyo imetuvusha katika ukame ambao ungetumaliza, na mimi nimekula nyama yake, siwezi kuitukana. Pia mnajua mambo ya Kakuma. Kitu kikiwekwa upande wa kambi, wenyeji wanauliza. Kikiwekwa upande wa wenyeji, kambi inauliza. Mama Epua alikuwa ameshaona mawe yakirushwa kwa ajili ya tangi la maji.

Nilisimama nikasema, "Mama, hiki si unga. Ukigawa, hakuna atakayeshiba."

"Katekista, wewe unajua baiskeli. Mimi najua watu. Nikimpa Byamungu yote, kesho wenyeji wataniuliza, sisi ni wa nini? Nikimpa Akai yote, wale wa kambi watasema, ndiyo kawaida yenu. Kitu gani hakigawanyiki? Hata ngamia tunagawa."

"Ngamia tunamgawa akishakufa," nilisema.

Watu walicheka, hata Mama Epua alicheka. Akai akasimama. Alikuwa na aibu mbele ya watu, alizungumza akitazama sakafu. "Mpeni Byamungu. Mimi nikifuata nyuma yake ndiyo naonekana nina mbio."

"Keti, mwanangu," Mama Epua alimwambia kwa upole. "Si wewe utakayewajibu watu."

Byamungu alibaki ameketi. Mkimbizi hawezi kusimama katika mkutano akaomba apewe yote.

Wakagawa. Byamungu alipata mikono ya gia na breki. Akai alipata kihamisha cha nyuma, kaseti na cheni. Ilikuwa nusu kwa nusu, na hakuna aliyerusha jiwe. Kwa haki ya watu, sijaona mgawanyo ulio safi kuliko ule.

Nilirudi bandani na baiskeli mbili, kila moja ina nusu ya ndoa, na nusu ya pili ni chakavu yake ya zamani, ya kampuni nyingine. Nilijaribu. Kuna ujanja wa kufunga waya upande wa pili wa skrubu ya kihamisha, ili uvutike kwa kipimo tofauti kidogo. Wakati mwingine unasaidia. Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Baiskeli ikiwa imening'inizwa juu, gia ziliingia moja baada ya nyingine, nikaanza kuwa na matumaini ya kijinga. Byamungu akaipeleka barabarani, akasimama juu ya pedali, cheni ikaruka.

"Papa, hii baiskeli iko na roho yake," alisema akijaribu kucheka.

Nilimwambia afanye hivi: aiweke cheni kwenye sahani ya katikati, aiache hapo, asiguse mkono hata shetani akimshawishi. Aendeshe kama zile baiskeli za zamani za kubebea maji, gia moja. Akaniahidi. Akai naye nilimfungia ya kwake hivyohivyo.

Njia ya kocha ilikuwa kutoka Kakuma kuelekea Lodwar, kugeuka kwenye daraja fulani la laga, ule mto mkavu, na kurudi. Mnajua upepo wetu unatoka wapi. Wakati wa kwenda ulikuwa unawapiga kifuani, na gia ya katikati ilitosha kabisa. Mimi nilikuwa nimepanda pikapu ya kocha, nyuma, na wenzangu wawili. Niliwaona vijana wakiachwa mmoja mmoja. Byamungu alikuwa mbele, mgongo umelala kama meza, Akai nyuma yake, kama kivuli. Kocha alitoa kichwa dirishani. "Yule wa mbele ni nani?" aliuliza. Nilimtajia jina. Akalirudia ili asilisahau. Nilishika rozari yangu mfukoni.

Wakageuka darajani. Sasa upepo ulikuwa mgongoni.

Nyinyi mnaoendesha mmeshaelewa. Upepo ukikusukuma, gia ya katikati inakuwa nyepesi, miguu inazunguka bure kama panka. Kijana mmoja kutoka mjini, aliyekuja na baiskeli ya binamu yake yenye gia zake zote, alianza kuwakaribia. Akawafikia. Akawapita. Nilimwona Byamungu akizungusha miguu kwa kasi isiyo na faida yoyote, akiinua kichwa kumtazama yule anayetangulia. Najua alikumbuka nilichomwambia. Alivumilia kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Halafu kidole chake kikagusa mkono wa gia.

Cheni ilivuka sahani ilipopaswa kulala, ikavuka na ya pili, ikatelemka mpaka mwisho, ikaingia katikati ya kaseti na fremu, ikakwama. Alikanyaga kwa nguvu zake zote juu ya kitu kisichozunguka. Kihamisha kiling'oka kwenye fremu kikaingia kwenye spoku. Tulisikia mlio huo mpaka kwenye pikapu.

Hakuanguka. Alisimama, akashuka, akainua baiskeli begani, akaanza kukimbia. Akai alikuwa amempita. Alitazama nyuma, akapunguza, akashuka pia, akarudi kwake akisukuma ya kwake. Nilimsikia Byamungu akimfokea, "Enda! Enda wewe, mjinga!" Hakwenda. Walirudi Kakuma kwa miguu, kila mmoja na baiskeli yake, na waliponyamaza ndipo niliumia zaidi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuwaona wakitembea bila kutukanana.

Kocha hakuwa mtu mbaya. Alimngojea. Alimpa mkono. "Miguu nimeiona," alimwambia. "Lakini siwezi kumchukua mtu aliyemaliza akitembea huku mwingine amemaliza akiendesha. Wenzangu hawatanielewa."

"Nimeelewa, Papa," alisema Byamungu.

Akamchagua yule wa baiskeli ya binamu. Kocha hakurudi tena.

Mnaponiuliza kwa nini nilifunga banda, huwa nasingizia mikono. Mikono inatetemeka, ni kweli. Byamungu yuko Kakuma, anabeba mitungi ya maji kwenye ile fremu yake, gia moja, anauza mtaa kwa mtaa. Nikipita ananisalimu vizuri, ananiuliza hali ya mama wa nyumbani. Habari za baiskeli hatuzungumzi. Akai alikwenda kwa watu wa mama yake, huko Kaikor, ana duka la sukari na majani ya chai. Kabla hajaondoka alileta nusu yake bandani: kihamisha, kaseti, cheni bado ina nta. Byamungu alikuwa ameshaleta mikono na breki. Hakuna aliyejua kuhusu mwenzake. Kila mmoja aliniambia maneno yaleyale, "Mpe mtu atakayeitumia."

Nilivipangusa, nikavitundika ukutani nyumbani kwangu, juu ya kitambaa kilekile. Seti imekamilika. Imekaa hapo, mume na mke, na kila asubuhi nikisali naitazama, na ninakiri kwenu kwamba sala yangu inaishia katikati. Nimefundishwa kushukuru kwa kila jambo. Nashukuru. Lakini sijaonyeshwa bado nishukuru kwa lipi hapo.

Mwezi uliopita vijana wawili kati yenu walikuja nyumbani, mmoja wa hapa Lodwar, mmoja wa Kakuma. Ni marafiki, nilipenda walivyotaniana. Waliiona ile seti wakaiomba. Niliwasimulia haya yote, kuanzia habu hadi daraja, na walisikiliza vizuri, yule wa Kakuma hata alifuta macho. Nikawaambia, chukueni, sitaki pesa, lakini ikae kwenye baiskeli moja. Nendeni mkakubaliane ni ya nani.

Jumapili iliyopita wakarudi wakitabasamu.

"Katekista, tumekubaliana," alisema wa Lodwar. "Hatutaki kugombana. Yeye achukue mikono. Mimi nichukue vile vya nyuma."

Niliwakaribisha ndani. Nikawapa chai. Walipokwenda nilichukua kitambaa kingine nikafunika seti, ili nisiione wakati wa sala ya jioni. Bado iko palepale, wanangu. Haijalika hata jino moja.